Ibn Hazm, Faqihi Aliyeandika Juu ya Mahaba

Anayemjua Ibn Hazm kwa kitabu chake cha fiqhi, Al-Muhalla, humdhania kuwa alikuwa mtu mkavu asiyejua ila hoja na dalili. Ulimi wake ulikuwa mkali hata watu wakaufananisha na upanga wa Hajjaj. Lakini faqihi huyo huyo ndiye aliyetunga Tawq al-Hamama, yaani Kidani cha Njiwa, kitabu chenye milango 30 juu ya mahaba na hali za wapendanao.

Jina lake ni Ali bin Ahmad bin Said bin Hazm. Alizaliwa Cordoba, katika Andalusi, mwishoni mwa Ramadhani mwaka 384 Hijria (994). Baba yake alikuwa waziri wa Mansur bin Abi Amir, aliyeshika hatamu za dola yote. Mtoto akalelewa ndani kwa wanawake, na hao ndio waliomfundisha Kurani, mashairi na kuandika hati. Hakukaa na wanaume mpaka alipokuwa kijana. Kwangu mimi hapa ndipo penye asili ya kitabu chake, kwani mtoto wa ndani huona mengi: jicho linavyoibia, na uso unavyogeuka rangi likitajwa jina la mtu.

Humo nyumbani mlikuwa na kijakazi wa miaka 16, mzuri, mwenye haya na maneno machache. Kijana Ali akampenda. Siku moja kulikuwa na karamu, na wanawake wakapanda juu kutazama bustani na mji kupitia madirishani. Kila aliposogea kwenye dirisha alilosimama yule binti, binti alihamia jingine. Naye akamfuata, na binti akahama tena. Baadaye bibi wa nyumba akamwamuru aimbe, akapiga udi akaimba. Kijana hakupata zaidi ya hayo.

Kisha zikaja fitina. Dola ikaporomoka, baba akafariki mwaka 402 Hijria (1012), jumba lao likabomolewa, na Ali akauhama mji mwaka uliofuata. Aliporudi mwaka 409 Hijria alimwona yule mwanamke, asimtambue mpaka alipoambiwa ndiye. Shida na kukosa wa kumtunza vilikuwa vimemwondolea uzuri wote.

Kabla ya hapo alikuwa amekwisha onja msiba mkubwa zaidi. Alikuwa na kijakazi wake, Nu'm, waliyependana kwa dhati, akafa Ali hajafika miaka 20. Kwa miezi saba hakuvua nguo zake, na alikiri kwamba hakumsahau kamwe.

Kidani cha Njiwa alikiandika Shatiba, mnamo mwaka 1022, kwa kuombwa na rafiki. Kwa rai yake, mapenzi ni roho mbili zenye asili moja kutafutana. Lau uzuri wa sura ndio sababu, hakuna ambaye angempenda asiye mzuri, na sote twawajua wapendwao hivyo. Alisimulia habari za mshairi ar-Ramadi, aliyemwona mwanamke penye Mlango wa Wauza Manukato, akasema naye kidogo, asimwone tena. Hata hivyo mwenyewe aliyatilia shaka mapenzi ya mtazamo mmoja, akayahesabu kuwa ni matamanio tu. Yeye hakupata kupenda ila baada ya mazoea ya muda mrefu. Na kwa kuwa alianza kwa mwenye nywele za rangi ya dhahabu, hakuvutiwa tena na nywele nyeusi. Katika karne ya 20 wataalamu wa saikolojia walifanya majaribio wakaona kwamba kufanana na kuzoeana huwavuta watu. Yeye hakuwa na maabara ila moyo wake na nyumba za jamaa zake.

Je, faqihi aliona haya? Hata kidogo. Aliona kwamba moyo haukatazwi kupenda, maana umo mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Kinachohesabiwa ni kitendo. Ndiyo sababu milango miwili ya mwisho ni ya ubaya wa maasia na fadhila za kujizuia, naye akaapa kwamba hakupata kuikaribia zinaa.

Baadaye alikuwa waziri kwa wiki chache tu, akafungwa, kisha akaiacha siasa. Alifuata madhehebu ya Shafii, kama sisi wa pwani, kabla ya kuhamia Dhahiri, wanaoshika matini kama yalivyo. Uadui ukazidi, hata vitabu vyake vikachomwa moto hadharani mjini Seville. Alifariki Shaaban mwaka 456 Hijria (1064), kijijini kwa wazee wake, magharibi ya Andalusi.

Kidani cha Njiwa kilibaki katika nakala moja tu, iliyonakiliwa mwaka 738 Hijria na kuhifadhiwa Leiden, Uholanzi, mpaka kilipopigwa chapa mwaka 1914. Mwandishi aliyeinakili alikiri kwamba aliyapunguza mashairi mengi ili kitabu kiwe chepesi.