Daktari wa jicho moja aliyefuatilia uvimbe wa watoto

NILIPOREJEA Bulumbi mwaka 1987, baada ya miaka kadhaa ya kuuza mitumba upande wa Kenya, nilimkuta mtoto wa dada yangu amevimba shavu. Meno yake yalikuwa yakilegea. Mtu mmoja mwenye koleo akamng'oa mawili, nasi tukamshukuru. Wiki chache baadaye tumbo nalo likaanza kujaa. Tulimzika kabla ya mahindi kukomaa.

Ugonjwa ule huitwa kwa jina la mtu, Dkt Denis Burkitt.

Alizaliwa 1911 mjini Enniskillen, katika nchi ambayo sasa ni Ireland ya Kaskazini. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho la kulia, jiwe lilipovunja miwani yake. Kwa ajili ya jicho hilo, utumishi wa makoloni ulimkataa mwanzoni. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa daktari wa jeshi, akafika Kenya na Somalia. Mwaka 1946 aliingia Uganda, akaanzia Lira, kisha akahamia Mulago.

Mwaka 1957, mwenzake Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt hakuelewa. Muda si mrefu alikuwa Jinja, mji ambao sisi wa Busia huupita kila tukifuata bidhaa Kampala. Alipochungulia dirishani alimwona mtoto mwingine mwenye uso kama ule, yuko na mama yake. Akampapasa tumbo, akakuta uvimbe huko pia. Ndipo alipofukua mafaili ya Mulago na kutambua kwamba uvimbe wa taya na ule wa tumboni, uliodhaniwa kuwa magonjwa tofauti, ulikuwa kansa moja.

Alikuwa mpasuaji, lakini kisu hakikufua dafu. Uvimbe huu huweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Ukiukata hapa, unaota pale. Mwaka 1961 yeye, Ted Williams na Clifford Nelson walipanda gari kuukuu aina ya Ford, wakasafiri maili 10,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Waligundua kuwa kansa hiyo hupatikana penye joto na mvua, palipo na malaria. Yaani kwetu. Mbu wa Busia na Tororo nani asiyewajua?

Mwaka huohuo Anthony Epstein alimsikiliza jijini London, akaomba vipande vya uvimbe. Mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kirusi walichokiona ndani yake. Burkitt naye alishaanza kujaribu dawa, methotreksati ikiwa mojawapo, na baadhi ya watoto waliokuwa wakisubiri kufa walipona.

Aliondoka Uganda 1966. Mwaka uliofuata Mulago ilipata kituo cha kutibu kansa hiyo. Uzeeni alihimiza watu wale unga usiokobolewa kwa afya ya utumbo, ingawa wateja wangu wa unga mweupe hawakumsikia. Alifariki 1993.

Dada yangu bado huniuliza kama dawa ile ilikuwapo mwaka tuliomzika mtoto wake. Ilikuwapo.