MAISHA YA GEORGE STUBBS, MTU ALIYETAFUTA MISULI YA FARASI

Tunajua kama wamoja kati yetu wanataka kuwa waganga wa nyama za kufugwa. Ni kwa ajili yao zaidi tunaandika habari hizi.

George Stubbs alizaliwa mwaka 1724 katika mji wa Liverpool, inchi ya Uingereza. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza ngozi, naye kijana alimsaidia kazi. Lakini yeye alipenda kuchora. Akaenda kwa mchoraji mmoja, ila hakukaa: pale kazi ilikuwa kufuatisha picha za watu wengine. Akakata shauri kutazama kila kitu kwa macho yake mwenyewe.

Katika mji wa York alijifunza namna mwili wa mtu ulivyo ndani, kisha akawafundisha wanafunzi wa uganga. Mwaka 1751 munganga mmoja alitoa kitabu juu ya kuzalisha, na Stubbs ndiye aliyechora na kuchonga picha zake juu ya shaba, hata kama hakusoma kazi ile kwenye masomo yoyote.

Sasa tufike kwenye kazi yake kubwa. Mwaka 1756 alikwenda kukaa katika kijiji cha Horkstow, ndani ya nyumba ya shamba, mbali kidogo na watu. Alikaa pale karibu miezi 18. Mwenzake alikuwa Mary Spencer, aliyemsaidia kazi yote. Farasi aliyekufa alitiwa mafuta ya moto ndani ya mishipa ya damu, ili yakiganda mishipa isilale. Kisha alifungwa kwa vyuma na kamba kutoka juu, miguu yake juu ya ubao, asimame sawa vile anatembea. Stubbs alitoa ngozi, akachora. Akatoa misuli ya juu, akachora. Akatoa ya chini yake, akachora tena, paka mifupa. Farasi mmoja aliweza kukaa pale majuma 11. Fikirini harufu ile! Hapana mchezo.

Aliona nini? Chini ya ngozi aliona msuli mwembamba sana, ule unaotikisa ngozi wakati inzi anatua. Ng'ombe pia wanao. Tazameni tu malishoni. Aliona kama mguu wa mbele haukuunganishwa na kifua kwa mfupa hata mmoja. Farasi hana mfupa wa mtulinga kama sisi: kifua chake kinaning'inia katikati ya miguu miwili kwa nguvu ya misuli tu, kama mzigo ndani ya kitambaa. Tena chini ya goti hakuna misuli ya kutembeza mguu, ni kano ndefu tu, kama kamba zinazovutwa kutoka juu. Maana msuli unajua kuvuta, haujui kusukuma. Ukikunja mmoja, lazima mwingine wa kunyoosha.

Alipopeleka michoro London, wachongaji walikataa kuichonga. Hakulalamika sana. Mchana alichora picha za farasi za matajiri ili apate chakula, asubuhi mapema na usiku alichonga mwenyewe. Kazi ile ilikula miaka mingi. Kitabu kilitoka mwaka 1766, na ndani yake farasi anaonyeshwa kwa upande, kwa mbele na kwa nyuma, tabaka kwa tabaka. Wakati ule Uingereza haikuwa bado na masomo ya waganga wa nyama; ya London yalifunguliwa mwaka 1791.

Alipokuwa na miaka 71 alianza kitabu kingine, kulinganisha mwili wa mtu, wa chui milia na wa kuku. Hakukimaliza. Alikufa London mwaka 1806.

Wenzetu, kwa nini tunawaambia hayo? Siku moja ya sikukuu, mwalimu wetu wa biolojia alituita jikoni kutazama mbuzi akichunwa. Wengi tulikataa. Tulifunga pua, tukawacheka wale watatu waliokwenda, tukawaita wachinjaji. Kisha ikaja enterro: mguu wa mbele wa mbuzi unashikwa na mfupa gani? Sisi wa mwaka wa sita tulichora mfupa muzuri sana, ambao haupo. Wale watatu tu waliandika: hakuna mfupa, ni misuli.

Tulipata haya, na hapa tunawaomba radhi. Daftari halina harufu, lakini daftari linaweza kudanganya. Mbuzi wa sikukuu inayokuja akichunwa, tutakuwa wa kwanza mlangoni, na kalamu mkononi.