UTHMAN BIN HUNAYF, MPIMAJI WA ARDHI YA IRAQI

Katika Masahaba wa Mtume (S.A.W.) wako ambao majina yao hutajwa katika kila mimbari, na wako waliofanya kazi kubwa na majina yao hayatajwi ila kwa nadra. Mmoja wa hawa ni Uthman bin Hunayf (R.A.), Mwansari wa kabila la Aws, ndugu wa Sahl bin Hunayf.

Waislamu walipowashinda Waajemi katika vita vya Qadisiyya, ardhi ya Sawad, yaani mashamba yenye rutuba yanayonyweshwa na mito ya Furati na Dajla, iliingia mikononi mwao. Wengi katika wapiganaji, na Bilal (R.A.) akiwa miongoni mwao, walitaka igawanywe kama ngawira. Sayyidna Umar (R.A.) hakuridhia, kwani aliona kuwa ikigawanywa, watakaozaliwa baadaye hawatapata kitu. Akawaita Ansari kumi, watano wa Aws na watano wa Khazraj, akawaeleza hoja yake kwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Wakakubali wenyeji waachwe mashambani mwao walipe kharaji, na ardhi iwe ya Waislamu wote.

Lakini kharaji haitozwi kwa kukisia. Alitakiwa mtu wa akili, mwenye uzoefu, na mwaminifu; nao wakamtaja Uthman. Alipelekwa upande wa Furati, na Hudhayfa bin al-Yaman akapewa upande wa Dajla. Yapokewa kuwa kipimo chao kilikuwa dhiraa ya mkono, pamoja na ngumi moja na kidole gumba kilichosimamishwa. Dhiraa sitini kwa sitini zilifanya jaribu moja. Hesabu ya Sawad ilifika majaribu 36,000,000. Kisha kila mmea ukawekewa kadiri yake: katika mapokezi mashuhuri, jaribu la mizabibu dirhamu 10, la ngano 4, la shayiri 2.

Na chakula chake alipokuwa kazini? Kwa siku alichinjwa kondoo mmoja: nusu ya Ammar bin Yasir, amiri wa Kufa, robo ya Ibn Masud, aliyekuwa kadhi na mshika hazina, na robo ya Uthman. Hata hivyo Sayyidna Umar alihofu kuwa nchi inayotolewa kondoo kila siku haichelewi kuharibika.

Siku chache kabla ya kuuawa kwake, mwaka 23 Hijria (644), Sayyidna Umar aliwasimamisha wapimaji wake wawili Madina akawauliza iwapo wameitwika ardhi mzigo isiouweza. Wakamjibu kuwa wameitwika inachoweza, wala hakikuzidi sana. Hakutosheka na jibu la kwanza. Akawataka waangalie tena. Hamu yake ilikuwa kuwaacha wajane wa Iraqi wakiwa hawamhitaji mtu baada yake.

Uthman baadaye alikuwa amiri wa Basra kwa Sayyidna Ali (R.A.), akapatwa na mateso katika fitina ya mwaka 36 Hijria (656). Aliishi Kufa, akafa zama za Muawiya.

Ndugu msomaji, tazama jambo hili. Mamilioni ya majaribu yalipita chini ya kamba ya mtu huyu, na mkulima aliyekuwa akipimiwa hakuwa na lugha ya kumjadili wala jeshi la kumzuia. Dhiraa moja ikizidishwa kwa hila, dhulma yake ingelipwa na vizazi. Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa anayedhulumu ardhi kadiri ya shibiri atavishwa shingoni mwake ardhi saba siku ya Kiyama. Basi kila anayeshika kamba ya kupimia, au kalamu ya kuandika mpaka, na ajue ameshika amana.