Tingatinga, Fundi wa Rangi za Baiskeli

Hapa kwetu Manyatta jina Tinga lina mwenyewe. Litaje mbele ya kibanda chochote kati ya Kondele na soko la Kibuye, na kila mtu, mkubwa kwa mdogo, atajua kwamba unamkumbuka marehemu Raila Amolo Odinga, ambaye chama chake cha NDP kiliingia katika uchaguzi wa mwaka 1997 kwa alama ya trekta. Trekta ndiyo tingatinga, na tingatinga ikafupishwa ikawa Tinga, nalo jina likamganda mheshimiwa hadi kaburini.

Ndiyo maana kijana mmoja jirani yangu aliponijia jioni moja kuniuliza habari za Tingatinga, nilikaa vizuri kitini nikidhani tunaanza siasa. Kumbe kijana hakuwa na haja ya siasa. Kazi yake ni kuandika mabango ya vinyozi na vibanda vya chakula, na kupamba mashua za wavuvi wa Dunga. Siku asizokuwa na kazi ya watu huchora picha zake mwenyewe, aghalabu za akina mama wanaongojea samaki ufuoni alfajiri. Amekwisha kuzipeleka Nairobi mara mbili na Kampala mara moja kwenye maonyesho, na huko kote wanunuzi wamemwuliza swali lile lile: je, anazo tingatinga? Wanataka chui mwenye madoadoa, twiga mwenye shingo iliyopinda, rangi ziwake. Akina mama wa Dunga wanatazamwa, wanasifiwa, kisha wanarudishwa ukutani. Kijana alikuwa amefikia kufikiri kwamba afadhali awaache. Alichotaka kujua kwangu ni jambo dogo tu: tingatinga ni aina ya picha, au ni mtu?

Naungama kwamba niliona haya. Sebuleni mwangu imetundikwa picha ya chui niliyoinunua miaka mingi iliyopita kando ya barabara, na wageni wanapoisifu mimi huwaambia kwa majivuno kuwa ni tingatinga. Haya ninayoyaandika leo ndiyo niliyomweleza kijana, pamoja na machache niliyoyakumbuka alipokwisha kwenda zake.

Tingatinga alikuwa mtu. Jina lake kamili ni Edward Saidi Tingatinga, na katika majina hayo utaona dini mbili zikiishi nyumba moja bila kugombana. Alizaliwa mwaka 1932 kusini mwa Tanganyika, wilayani Tunduru, katika nchi ya Wamakua na majirani zao, watu wa jembe wasio na mali nyingi. Shule aliionja kwa miaka michache tu. Katika miaka ya 1950 akafanya walivyofanya maelfu ya vijana wa kusini wa zama zake: akaelekea Tanga kukata mkonge kwenye mashamba makubwa ya wageni. Wazee wetu wa huku ziwani, waliopanda garimoshi kwenda kuchuma majani ya chai Kericho, hawahitaji kuelezwa maisha hayo yalivyokuwa.

Kutoka mkongeni akaingia Dar es Salaam, akapata kazi ya utumishi nyumbani kwa mtumishi mmoja wa serikali ya Kiingereza. Uhuru ulipokuja mwaka 1961 bwana yule alifunga virago, na Tingatinga akabaki mjini bila kibarua. Akahangaika kama ahangaikavyo kila mtu asiye na cheti: leo kazi hii, kesho ile, kesho kutwa biashara ndogo ndogo. Baadaye alipata kazi ya uhudumu hospitalini. Hadi hapo hakuna aliyemjua isipokuwa jamaa zake, naye alikuwa amekwisha kuutimiza mwaka wake wa thelathini na tano.

Hapa ningependa tutulie kidogo, maana ndipo penye kiini cha habari. Kwenye mwaka 1968 Tingatinga alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi zile za vibomba ambazo wasanii waliosoma huagiza Ulaya. Alichukua vibao vya kuzibia dari, vile ambavyo mafundi wa nyumba walivitumia kila siku, akavikata miraba ya kiasi cha sentimita 60 kwa 60. Rangi yake ilikuwa ile ya mafuta inayong'aa, iliyouzwa madukani katika mikebe midogo kwa ajili ya kupakia baiskeli. Mtu yeyote wa Kisumu anaijua rangi hiyo. Kabla pikipiki hazijatujaa barabarani, mji huu uliishi kwa boda boda za baiskeli, na vijana wetu walikuwa wakizipaka nyekundu, buluu na manjano usiku ili asubuhi ziwavutie abiria. Rangi hiyo haikubali kuchanganywa ovyo, tena hukauka ikiwa na ung'avu wa sahani. Ukiitumia huna budi kupaka uwanja mzima kwanza, uungoje ukauke, ndipo ulete mnyama wako juu yake. Umbo la picha zile, ambalo wataalamu wameliandikia vitabu, lilizaliwa kwa sehemu kubwa ndani ya mkebe.

Na wanyama wake! Alimweka mnyama mmoja katikati ya kibao, chui au simba au ndege, akamwachia nafasi yote iliyobaki. Nyuma yake labda kuna kijiti na jani, basi. Mnyama anakutazama kwa macho ya duara kana kwamba wewe ndiwe uliyeingia nyumbani kwake. Wapo wasemao aliiga michoro iliyopambwa kwenye kuta za udongo za huko kusini. Wapo wasemao aliona picha za Wakongo zikiuzwa mitaani Dar es Salaam, akajiambia kwamba na yeye anaweza. Wataalamu wamebishana, na waendelee kubishana. Kwa maoni yangu mtu anaweza kukumbuka ukuta wa nyanya yake na kumwonea wivu Mkongo kwa wakati mmoja.

Aliziuza wapi? Nje ya duka la Morogoro Stores, mtaa wa Oyster Bay, ambako Wazungu na mabalozi walikuja kununua mahitaji yao. Mkewe alikuwa akikaa na picha pale, na wateja walilipa shilingi chache, wakaziweka garini pamoja na mkate na mboga. Katika miaka hiyo hiyo Afrika Mashariki haikukosa majumba ya sanaa. Kampala kulikuwa na Nommo tangu mwaka 1964. Nairobi kulikuwa na Paa ya Paa tangu 1965, na Gallery Watatu ikafunguliwa 1969. Wala haikukosa wachoraji wenye shahada. Sam Ntiro, mwana wa Machame huko Kilimanjaro, alisomea Makerere na kisha Slade mjini London, akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika nchini Uingereza, na mwaka 1960 picha yake moja ikanunuliwa na jumba la Museum of Modern Art la New York. Simtaji Ntiro ili nimshushe; alistahili kila alichopata. Namtaja ili msomaji aone umbali uliokuwapo baina ya ukuta wa New York na kivuli cha mti nje ya duka la mboga, na akumbuke kwamba leo watoto wa shule wa nchi zetu, hata wasiolijua jina la Ntiro, huitambua tingatinga kwa kutupa jicho mara moja.

Biashara ilipochangamka, Tingatinga aliwaita jamaa na marafiki waje wajifunze. Hawakuwa wengi: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Tedo na Simon Mpata ndio wanaotajwa sana. Aliwafundisha kama fundi seremala anavyofundisha, mwanafunzi akianza kwa kujaza rangi mahali alipooneshwa hadi mkono ukomae. Shirika la serikali lililouza kazi za sanaa nalo likaanza kuzinunua picha zake. Mlango uliokuwa umefungwa kwa miaka arobaini ulikuwa umeanza kufunguka.

Mwaka 1972, usiku mmoja, Tingatinga alikuwa ndani ya gari pamoja na wenzake jijini Dar es Salaam. Polisi walikuwa wakiwasaka wahalifu, wakalidhania gari lile ndilo. Wakafyatua risasi. Risasi ikampata Tingatinga, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 40, na kazi ya uchoraji alikuwa ameifanya kwa miaka ipatayo minne tu.

Nilipofika hapa kijana alinyamaza, nami nikanyamaza. Mtu wa Manyatta hasimuliwi habari ya risasi isiyouliza jina. Hospitali kuu tunayoiita Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Warusi, iko hatua chache kutoka tunapokaa, na siku ilipofunguliwa rasmi, tarehe 25 Oktoba 1969, walinzi wa Rais Kenyatta waliufyatulia risasi umati. Waliokufa hawakuwa tu wale waliorusha mawe. Walikuwamo waliokuja kutazama. Tangu hapo kila panapokuwa na uchaguzi wenye utata mama wa mtaa huu huwaita watoto ndani mapema. Sitaki kuyalinganisha mambo yasiyolingana. Kule Dar es Salaam ilikuwa ni kosa la usiku mmoja. Lakini mwisho wake maitini ni ule ule, na hesabu ya walichokuwa nacho waliokufa mikononi mwao haifanywi na yeyote. Yule wa Dar es Salaam alikuwa na brashi, nasi tukaja kujua. Wa hapa wangapi walikuwa na nini, hatujui.

Baada ya mazishi wanafunzi wangeweza kutawanyika. Wakarudi pale pale nje ya Morogoro Stores, wakaendelea kuchora kwa jina la mwalimu. Mwaka 1990 waliunda chama cha ushirika, na nyumba yao ingali ikipokea wateja Oyster Bay. Simon Mpata, aliyekuwa ndugu wa Tingatinga, alivuka mpaka akaja kufanyia kazi hapa Kenya, akafariki mwaka 1984. Wajapani, waliozipenda mno picha zake, wakaipa jina lake hoteli ya kitalii waliyoijenga Maasai Mara. Mwaka 2010 mtindo wenyewe ukaingia kwenye televisheni za watoto ulimwenguni kwa filamu za vibonzo za Tinga Tinga Tales zilizochorwa Nairobi. Na vile vibao vya fundi mwenyewe, vilivyosainiwa E.S. Tingatinga kwa herufi kubwa, sasa hupigwa mnada London kwa maelfu ya paundi. Vimekuwa adimu kiasi kwamba wapo wanaoghushi saini yake. Jina limekuwa mali, ilhali mwenye jina hakuacha mali.

Ajabu nyingine ni hii: ukiweka kibao chake kando ya hizi zinazouzwa leo katika kila mji wa watalii, utaona kwamba wengi wameichukua rangi na kuiacha nafasi. Siku hizi kibao kimejaa, twiga kumi, ndege ishirini, mlima wa Kilimanjaro, jua na mnazi. Hapana mahali pa jicho kupumzikia. Siwalaumu. Mteja anataka Afrika yote kwa bei ya picha moja, na mchoraji ana karo ya kulipa. Hata hivyo yule mzee alichora hivi kwa sababu hiyo ndiyo rangi aliyoweza kuinunua, na hao ndio wanyama walioijaza hadithi ya kwao. Hakuna mteja wa Oyster Bay aliyekwenda pale akiulizia tingatinga. Hakukuwa na kitu cha jina hilo mpaka yeye alipokitengeneza.

Hilo ndilo nililomjibu kijana kuhusu swali lake, nikaongeza kwamba samaki wa Dunga nao wana magamba yanayong'aa, tena rangi ya mafuta anayopakia mashua inayajua magamba hayo kuliko rangi nyingine yoyote. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akaniuliza nauli ya basi kwenda Kampala sasa ni kiasi gani, na nani atakayeilipa iwapo akina mama wa samaki watarudi tena bila kununuliwa. Kwa swali hilo sikuwa na jibu la kitabuni.

Alipoondoka nilimteremsha chui wangu ukutani. Chini ya ukucha wa mguu wa nyuma, kwa herufi ndogo mno, pameandikwa jina la mtu, wala si Tingatinga. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikiwatajia wageni jina la marehemu, na huyu aliyekesha akiweka madoa moja moja sikumsoma hata siku moja. Nimempangusa vumbi, nikamrudisha mahali pake.

Kijana anaondoka mwezi ujao. Nimeona mzigo wake ukifungwa kwa kamba za mtumba: picha sita za ufuo wa Dunga, na juu yake, kimefunikwa kwa gazeti, kibao kimoja cha chui. Huyo, amenieleza, ni wa nauli.