MUNGANGA MWENYE JICHO MOJA
Maisha ya Denis Burkitt (1911–1993)



Katika nomero hii tumechagua kuwaeleza maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake liko katika vitabu vyote vya waganga, lakini kwetu wengi hawamjui. Ni Denis Burkitt. Huyu si mtu wa mbali sana. Kazi yake kubwa aliifanya Uganda, jirani yetu, na ugonjwa alioufuatia unakamata watoto wa Afrika, wa Kongo pia. Kwa hiyo tunawaomba msome mpaka mwisho, maana mwishoni kuna jambo linalotuhusu sisi wenyewe.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na Enniskillen, mji mdogo wa Ayalandi ya Kaskazini. Baba yake alikuwa injinia wa barabara na madaraja. Huyo baba alikuwa na desturi moja ya ajabu: alipenda kufuata ndege wadogo wa bustani yake, akiwatia pete miguuni, akichora karatani mahali kila ndege anapokaa na mpaka wa eneo lake. Majirani labda walimcheka. Lakini mtoto alikuwa anaona, na baadaye tutaona kwamba hakusahau ile karata.

Alipokuwa na miaka 11, wavulana wa shule walirushiana mawe. Jiwe moja lilivunja miwani yake, na kioo kikaingia katika jicho la kuume. Waganga walishindwa kuliokoa. Tangu siku ile alikuwa na jicho moja tu.

Katika shule hakuwa mwanafunzi wa kwanza. Mwaka 1929 aliingia chuo kikuu cha Trinity, Dublin, kusomea uinjinia kama baba yake. Kule alikutana na kikundi cha wanafunzi waliosoma Biblia na kusali pamoja, na imani yake ikawa kitu chake mwenyewe, si ya wazazi tu. Akaona moyoni kwamba Mungu anamwita kwenye uganga. Akaacha uinjinia, akaanza upya, na mwaka 1935 akapata diploma ya munganga. Mwaka 1938 akapita mtihani wa waganga wapasuaji huko Edinburgh.

Sasa alitaka kuja kufanya kazi Afrika. Akaandika barua kwa serikali ya Uingereza iliyotawala makoloni. Jibu likawa hapana, sababu ana jicho moja. Namna gani mpasuaji mwenye jicho moja atafaa? Lakini vita vya pili vya dunia vilipoanza, jeshi lilihitaji waganga wengi, na mwaka 1941 likampokea. Akatumwa Kenya, halafu na sehemu nyingine. Katika likizo moja alitembelea Uganda, akaipenda. Mwaka 1943 alioa Olive Rogers, muuguzi, na vita vilipokwisha aliomba tena kazi. Mwaka 1946, yule aliyekataliwa juu ya jicho alifika Uganda.

Mahali pa kwanza palikuwa Lira, kaskazini ya nchi. Kule alikuwa karibu peke yake kwa watu 250,000 hivi. Alipasua mchana, na usiku aliitwa tena. Hata hivyo aliona kitu. Wanaume wengi waliokuja kwake walikuwa na busha, yaani maji yanayojaa na kuvimbisha sehemu za siri. Lakini waliotoka mashariki ya wilaya walikuwa wengi sana, na waliotoka magharibi walikuwa wachache tu. Sababu gani, na wote ni watu wa wilaya moja? Akachora karata, kama baba yake na ndege wake. Kumbe ugonjwa ulifuata mahali, maana unaletwa na mnyoo mdogo unaobebwa na mbu. Mwaka 1951 aliandika juu ya jambo hilo katika gazeti la waganga. Wakati huo alikuwa amekwisha kuhamia Kampala, katika hospitali kubwa ya Mulago.

Siku moja ya mwaka 1957, rafiki yake Hugh Trowell, munganga wa watoto pale Mulago, alimwita aangalie mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kuume na kushoto. Meno yalikuwa yanalegea. Burkitt hakujua ni kitu gani. Wiki chache baadaye alikwenda Jinja kutembelea hospitali. Alitazama nje dirishani, akaona mama amekaa katika majani na mtoto wake wa kike, na uso wa mtoto ulikuwa umevimba vilevile. Alitoka mbio kumwangalia. Alikuta uvimbe katika taya, na tena uvimbe katika tumbo.

Mtu mwingine angesema ni bahati mbaya mara mbili. Burkitt alijiambia kwamba mambo haya mawili ni moja. Akaanza kufungua vitabu vya hospitali, akauliza waganga wenzake, na watoto wa namna ile wakaonekana wengi. Hata katika karatasi za zamani za Mengo, hospitali ya misioni ya Kiprotestanti iliyofunguliwa na Albert Cook mwaka 1897, wagonjwa wa namna hii walikuwa wameandikwa. Ugonjwa ulikuwapo siku zote, lakini kila munganga aliona kipande chake: wa meno aliona taya, wa macho aliona jicho linalotoka nje, mpasuaji aliona tumbo. Mwaka 1958 Burkitt aliandika habari za watoto 38. Baadaye wenye kuchunguza vipande vya nyama kwa mikroskopu walithibitisha kwamba ni kansa, ile ambayo kwetu wengi wanaita kansere, tena ni kansa ya chembe zinazolinda mwili. Leo dunia yote inaiita limfoma ya Burkitt.

Swali lilikuwa: inapatikana wapi? Alipewa paundi 25 tu za kuanzia. Kwa feza hizo alichapisha karatasi 1,000 zenye picha za watoto hao, akazipeleka kwa posta katika hospitali za serikali na za misioni Afrika yote, akiuliza kama wamewaona. Majibu yakaanza kuja, naye akapigilia pini katika karata yake ukutani. Pini zikafanya mkanda mpana katikati ya Afrika.

Mwezi wa Oktoba 1961 aliondoka Kampala pamoja na waganga wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, katika motokari kuukuu iliyonunuliwa kwa paundi 250. Williams alikuwa munganga wa misioni kule Kuluva, karibu na mpaka wetu, naye alijua kutengeneza motokari, maana bila hivyo wasingefika popote. Kwa majuma kumi walipita Kenya, Tanganyika, nchi inayoitwa leo Malawi, Msumbiji, mpaka Johannesburg, halafu wakarudi. Walitembea zaidi ya kilometa 16,000 na kuuliza katika hospitali zaidi ya 50. Sisi tunaojua barabara za Kivu tunaweza kufikiri safari hiyo ilikuwa namna gani.

Walipata nini? Walikuta kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua. Karibu na ikweta hauonekani sana mahali palipo juu kupita metre 1,500 hivi, na mahali pakavu ni haba. Sisi wa Bukavu tunaweza kuelewa upesi, maana mji wetu uko karibu na kimo hicho, na ukishuka kwenye bonde la Ruzizi mpaka Uvira unakuta joto, mbu na malaria kwa wingi. Ndiyo tofauti aliyoisoma Burkitt. Mbu hapandikizi kansa, tuelewane vizuri. Ila malaria inayorudi-rudi inachosha ulinzi wa mtoto, na virusi moja inapata nafasi.

Virusi hiyo nayo ina historia. Tarehe 22 Machi 1961 Burkitt alikuwa ametoa somo huko London, na kati ya wasikilizaji alikuwapo kijana mwanasayansi, Anthony Epstein. Wakapatana vipande vya uvimbe vitumwe kwa avio kutoka Kampala. Kwa miaka miwili Epstein hakuona kitu. Halafu, mwaka 1964, yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kwamba wameona virusi ndani ya chembe. Ni virusi ya kwanza iliyojulikana kuwa na sehemu katika kansa ya watu.

Lakini mtoto mgonjwa atasaidiwaje? Hapa ndipo penye uzito. Burkitt alikuwa mpasuaji, na kisu kilimshinda. Walikata taya, uvimbe ukarudi. Kansa hii inakua kuliko nyingine karibu zote: kwa siku moja au mbili inaweza kuongezeka mara mbili. Mashine za mionzi hazikuwapo Uganda. Basi akajaribu dawa mpya zilizotoka Marekani na Ulaya: metotreksati, siklofosfamidi, na vinkristini. Hii ya mwisho inatoka katika ua la Madagaska, lile la rangi ya waridi au nyeupe ambalo watu wengi wa Afrika wanalipanda mbele ya nyumba. Matokeo yalishangaza wote. Kuna watoto ambao uvimbe uliyeyuka kwa sindano chache, wengine hata kwa moja, wakapona kabisa. Wakati ule waganga wengi hawakuamini kwamba dawa peke yake inaweza kuponya kansa.

Ila si wote. Kwa wengine uvimbe ulirudi, na safari ya pili dawa ileile haikuwa na nguvu. Waganga walijiuliza dawa imekwenda wapi. Jibu moja lilianza kupatikana Kanada mwaka 1976. Katika ngozi ya chembe zilizozoea dawa walikuta protini inayofanya kazi kama pompi: vinkristini ikiingia, pompi inaitoa nje, na siyo hiyo tu, bali na dawa nyingine kadhaa ambazo chembe haijakutana nazo bado. Kwa bahati nzuri siklofosfamidi haishikwi na pompi hiyo. Ndiyo sababu moja ya kuchanganya dawa mbalimbali tangu mwanzo, kusudi chembe inayoponyoka hii ikamatwe na ile.

Watu walitafuta pia namna ya kuziba pompi. Kitu kimoja kilitoka mahali pasipotazamiwa: kuvu, wa jamaa ya ukungu na uyoga, aliyeokotwa katika udongo wa Norwei mwaka 1969. Kutoka kwake walipata siklosporini, ambayo tangu miaka ya 1980 inawasaidia wagonjwa waliopandikizwa figo ya mtu mwingine. Katika miaka hiyohiyo waliona ndani ya maabara kwamba siklosporini inaishughulisha pompi, na dawa inabaki ndani ya chembe na kuiua. Ilileta tumaini kubwa. Lakini katika mwili wa mgonjwa mambo yalikuwa magumu, maana ilihitajika nyingi mno mpaka inaumiza figo, na tena pompi ileile inasafisha sumu katika ini, matumbo na figo zenye afya. Ukiiziba, dawa ya kansa inamchoma mgonjwa zaidi. Majaribio hayakuleta faida iliyotumainiwa, na mpaka leo si dawa ya kawaida kwa kazi hiyo. Kwa hiyo nguvu kubwa ingali katika kufika mapema na kumaliza dawa zote.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Mwaka uliofuata kituo cha kutibu ugonjwa huu kilifunguliwa Mulago. Yeye huko Uingereza alianza swali jingine: mbona watu wa vijiji vya Afrika hawakuwa na magonjwa mengi ya matumbo yaliyowasumbua Wazungu? Akafundisha dunia kula vyakula vyenye makapi, yaani maharagwe, mboga, na unga usiokobolewa sana. Mwaka 1972 alipewa zawadi ya Lasker ya Marekani, pamoja na wengine waliotibu kansa kwa dawa. Alibaki mtu mnyenyekevu, mwenye kusali kila asubuhi, na alifariki tarehe 23 Machi 1993 akiwa na miaka 82.

Basi, wenzetu, tunapata nini? Leo katika nchi tajiri karibu watoto tisa kwa kumi wenye ugonjwa huu wanapona. Kwetu Afrika wanapona wachache zaidi, na dawa hazikosekani tu: mtoto anachelewa. Taya inavimba, watu wanasema ni jino, au ni mtu amemroga, na majuma yanapita. Wengine wanaanza dawa, uvimbe unapungua, feza zinakwisha, wanarudi nyumbani kabla ya sindano za mwisho, na chembe chache zilizobaki zinakua tena zikiwa na nguvu.

Kwa hiyo, ukienda likizo kwenu, sana sana ninyi wa Uvira, Fizi na bondeni, ukaona mtoto mdogo ambaye taya yake inavimba na meno yanalegea, au jicho linasukumwa nje, au tumbo linajaa upesi, usinyamaze kwa kuwa wewe ni kijana. Mwambie mama yake kwa heshima ampeleke hospitali juma lilelile. Akishaanza dawa, jamaa wote wamsaidie azimalize. Burkitt alimwona mtoto wa Jinja dirishani kwa jicho moja. Sisi tunayo mawili.