Winston Royce: Baba wa mbinu ambayo mwenyewe aliitilia shaka

HUKO Kaptagat, nje kidogo ya mji wa Eldoret, wanariadha wanajua vyema kwamba ufanisi mkubwa haupatikani kwa jaribio moja. Eliud Kipchoge, aliyefanyia mazoezi yake huko kwa miaka mingi, alijaribu kukimbia marathoni chini ya saa mbili mjini Monza, Italia, mnamo Mei 6, 2017. Alitumia saa 2 na sekunde 25. Alirejea Kaptagat akajifua upya, na mnamo Oktoba 12, 2019, mjini Vienna, Austria, akatumia saa 1, dakika 59 na sekunde 40.

Falsafa hiyo ya kujaribu, kujifunza na kurudia ndiyo iliyopendekezwa mwaka wa 1970 na Mmarekani Winston Royce kwa watengenezaji wa programu za kompyuta. La kushangaza ni kwamba dunia ilimkumbuka kwa mambo yaliyo kinyume na hayo.

Royce alizaliwa Agosti 1929. Alisomea fizikia na kisha uhandisi wa ndege katika taasisi ya teknolojia ya California, akapata shahada ya uzamifu mwaka wa 1959. Mwaka wa 1961 alianza kazi katika kampuni ya TRW, ambako alisimamia utengenezaji wa programu za kuongoza vyombo vya anga za juu. Katika kazi hiyo alishuhudia miradi iliyofaulu na mingine iliyochelewa na kuzidi bajeti.

Mnamo Agosti 1970, aliwasilisha makala katika kongamano la wahandisi jijini Los Angeles. Humo alichora hatua za uhai wa programu: kubaini mahitaji, kuyachambua, kusanifu, kuandika programu yenyewe, kuipima na hatimaye kuitumia. Kila hatua ilishuka hadi nyingine mithili ya maji yanayoporomoka.

Hata hivyo, Royce hakuuchora mtiririko huo ili ufuatwe kama ulivyo. Alitahadharisha kuwa ni hatari, kwa sababu upimaji huja mwishoni. Kasoro kubwa ikigunduliwa wakati huo, wahandisi hulazimika kurudi mwanzo, na gharama au muda wa kazi waweza kuongezeka maradufu. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ili kuziba ufa huo, alipendekeza mambo matano: usanifu ufanywe mapema, kila uamuzi uandikwe, programu itengenezwe mara mbili, ya kwanza ikiwa ya majaribio, upimaji upangwe na kusimamiwa barabara, na mteja ashirikishwe kabla ya kazi kukamilika.

Wengi waliuchukua mchoro wakauacha ushauri. Mwaka wa 1976, waandishi wengine waliipa mbinu hiyo jina la maporomoko ya maji, jina ambalo Royce hakulitumia katika makala yake. Mwaka wa 1985, Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa kanuni zilizoelekea mtiririko huo, na wanakandarasi wakatakiwa kuzifuata.

Wengine walitafuta njia tofauti. Barry Boehm, aliyefanya kazi pia TRW, alieleza mwaka wa 1986 mbinu ya mzunguko, ambapo hatari hupimwa katika kila awamu. Mnamo Februari 2001, wataalamu 17 walikutana Utah, Marekani, wakatoa azimio la mbinu iitwayo ajaili: kazi hugawanywa vipande vidogo, na mteja huona matokeo mara kwa mara.

Hapa Kenya, manufaa ya jaribio la kwanza yalidhihirika katika M-Pesa. Majaribio yake yalianza Oktoba 2005, lengo likiwa kurahisisha ulipaji wa mikopo midogo. Ilibainika kwamba watu walitumia huduma hiyo hata kutumiana pesa. Ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa ndiko kulikotangulizwa. Lau mahitaji ya awali yangefungwa kabisa, huenda Wakenya wangepata mfumo wa kulipa mikopo tu.

Royce baadaye aliongoza kituo cha teknolojia ya programu cha kampuni ya Lockheed mjini Austin, Texas. Alistaafu mwaka wa 1994 na kuaga dunia Juni 1995 akiwa na umri wa miaka 65, miaka sita kabla ya azimio la Utah. Mwanawe, Walker Royce, alifuata nyayo zake na kuwa miongoni mwa watetezi wa utengenezaji wa programu kwa awamu.

Hadi leo, vitabu vingi humtaja marehemu kama mwasisi wa maporomoko ya maji. Vijana wanaosomea kompyuta katika vyuo vya Eldoret wangefaidika zaidi wakiisoma makala yake hadi mwisho, badala ya kukomea kwenye mchoro wa mwanzo.