Daktari Livingstone na Hati Yake ya Uganga

Katika sharika zetu za Dongobesh na za Mbulu yote wako vijana, wa kiume na wa kike, ambao Mungu amewatia moyoni hamu ya elimu ya uganga. Wengine hutumika katika zahanati na katika hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka wa 1955. Wengine wamekwisha kuwa madaktari, nao sasa wataka kuomba nafasi katika chuo kikuu, wafanye utafiti na kupata shahada ya juu ya udaktari. Njia hiyo ni ndefu. Mwombaji hana budi kuonyesha hati za masomo aliyoyamaliza, kuandika ni jambo gani atakalo kulichunguza na kwa namna gani, kumpata mwalimu wa kumwongoza, kutafuta fedha, na mwisho kusimama mbele ya watahini na kuyatetea maandiko yake. Wengi hufa moyo katikati ya safari.

Kwa ajili ya hao, na kwa ajili yetu sote tuwaombeao, twataka kueleza habari za David Livingstone. Wengi wamjua kuwa msafiri na adui wa biashara ya watumwa. Wachache wamjua kuwa mwanafunzi maskini, aliyetahiniwa kwa ukali kuliko wenzake kwa sababu ya maandiko yake mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, katika nchi ya Uskoti. Wazazi wake walikuwa wachaji Mungu, lakini mali hawakuwa nayo. Jamaa nzima ilikaa katika chumba kimoja. Alipokuwa na umri wa miaka 10 alitiwa katika kiwanda cha kusokota pamba. Kazi ilianza saa kumi na mbili asubuhi ikaisha saa mbili usiku, na baada ya hapo mtoto huyo alikwenda shule ya usiku. Katika mshahara wake wa juma la kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Kitabu alikiweka juu ya mashine, akasoma sentensi moja kila apitapo mbele yake, na mashine zikinguruma pande zote. Usiku alisoma hata mama yake akaja kumnyang'anya kitabu ili alale.

Baba yake aliogopa vitabu vya elimu ya dunia, akidhani vitamtenga kijana na Mungu. David mwenyewe alikuja kuona ya kuwa aliyeumba nyota na majani ndiye yeye aliyemtuma Mwokozi, wala hakuna vita kati ya kazi zake mbili. Ndipo alipopata kusoma wito wa Karl Gützlaff, mmisionari Mlutheri wa Kijerumani aliyekuwa katika nchi ya China, aliyeomba watumwe watu wawezao kuhubiri na kuganga pia. Neno hilo lilimshika, akaazimu kuwa daktari.

Basi, mwishoni mwa mwaka wa 1836, wakati wa theluji, alikwenda kwa miguu pamoja na baba yake mpaka mji wa Glasgow, akaingia chuo cha Anderson. Ada ya muhula ilikuwa paundi 12, nayo aliiweka akiba katika mshahara wake wa kusokota. Walizunguka mjini mchana kutwa wakitafuta chumba cha bei ndogo, wakapata kimoja kwa shilingi mbili kwa juma. Siku chache baadaye akaona chai yake na sukari yake zinaibwa, akahamia chumba kingine cha bei kubwa kidogo. Masomo yalipofungwa alirudi kiwandani kutafuta ada ya muhula uliofuata.

Mwaka wa 1838 alipokewa na Chama cha Misioni cha London, awe katika majaribio. Hapo tena hakung'aa. Alisema polepole, na siku moja, alipotumwa kuhubiri katika kijiji, maneno yote yalimtoka kichwani, akaomba radhi kwa watu akatoka mbio. Taarifa ya kwanza iliyopelekwa kwa wakuu wa Chama haikumsifu. Walakini aliongezewa miezi, naye akavumilia. Kisha akajifunza katika hospitali za London. Katika muda huo vita vya kasumba vilifunga mlango wa China, naye akageuza uso wake kuelekea Afrika.

Mwaka wa 1840 ulipokaribia kwisha ilimbidi apate hati ya uganga. Aliiomba katika Baraza la Waganga na Wapasuaji la Glasgow. Hati hiyo haikuwa shahada ya utafiti kama zile za leo, lakini mwombaji alitoa andiko la uchunguzi, akahojiwa juu yake. Livingstone alichagua ugonjwa ambao hautambulikani vema bila kile chombo cha kusikilizia kifua kiitwacho stethoskopu. Chombo hicho kilibuniwa na daktari Mfaransa, Laennec, mwaka wa 1816, na hata wakati ule wako wazee wa uganga ambao hawakusadiki ya kuwa kipande cha mti chaweza kusema habari za moyo na mapafu. Watahini na mtahiniwa wakahitilafiana. Wakamwuliza kwa muda mrefu na kwa ukali kuliko ilivyokuwa desturi. Miaka mingi baadaye, katika kitabu chake, alilikumbuka jambo hilo kwa mzaha, akikiri ya kuwa ingalikuwa salama zaidi kutokuwa na shauri lake mwenyewe. Lakini siku ile alikuwa nalo, wala hakuliacha. Akapewa hati. Tarehe 20 Novemba akabarikiwa kuwa mchungaji, na tarehe 8 Desemba akapanda meli kwenda Afrika Kusini.

Sasa na tuangalie alivyoitumia hati ile, kwa maana elimu hujulikana kwa matunda yake.

Popote alipokwenda aliyaandika aliyoyaona. Aliandika habari za ndorobo auaye ng'ombe na farasi. Hata akajaribu kumpa farasi aliyeumwa dawa ya arseniki. Farasi yule alipata nafuu kwa muda, kisha akafa, na Livingstone akayaeleza yote mawili, nafuu na kifo, katika barua iliyopigwa chapa katika gazeti la madaktari wa Uingereza mwaka wa 1858. Aliandika pia habari za papasi, na jinsi kuumwa naye kunavyoleta maumivu na kutapika. Ilipofika mwaka wa 1904 na 1905, wachunguzi katika Uganda na Kongo walithibitisha ya kuwa papasi ndiye aletaye ile homa ya kurudi-rudi. Na kwa homa kali ya malaria Livingstone alitengeneza vidonge vya kwinini pamoja na dawa za kuharisha, akawapa wenzake na watoto wake.

Lakini hapa pana jambo la kuhuzunisha, ambalo kila mtafiti yampasa alikumbuke. Mwaka wa 1853, alipokuwa Linyanti katika nchi ya Wakololo, aliacha huko gari lake la ng'ombe na sanduku la dawa ndani yake, akaendelea na safari. Mwaka wa 1860 wamisionari waliotumwa na Chama cha London walifika Linyanti pamoja na wake zao na watoto. Homa ikawashika. Bwana Helmore na mkewe wakafa, na watoto wao wawili. Mke wa Bwana Price na mtoto wake mchanga wakafa pia, pamoja na baadhi ya watumishi wao Waafrika. Livingstone alipofika baadaye mwaka uo huo, alikuta gari lake halikuguswa, na sanduku la dawa limo salama, mwendo mfupi tu kutoka mahali walipofia. Dawa ilikuwapo, waliokufa hawakujua. Livingstone hakuificha kwa choyo, lakini maarifa yake yalikuwa bado hayajawafikia waliokuwa na haja nayo. Baada ya hayo alieleza vipimo vya vidonge vyake katika barua na katika kitabu chake cha mwaka wa 1865, ili kila mtu aweze kuvitengeneza.

Wala tusidhani ya kuwa aliona dawa yake kuwa haishindwi. Tarehe 27 Aprili 1862 mkewe Mary alikufa kwa homa huko Shupanga, karibu na mto Zambezi. Mumewe alikuwa kando ya kitanda, amempa dawa alizozijua, nazo hazikufaa. Akamzika chini ya mbuyu. Daktari huyu aliyesimama imara mbele ya watahini alilia kama mtoto.

Heshima alizipata. Chuo kikuu cha Glasgow kilimpa shahada ya udaktari wa sheria mwaka wa 1854, na mwaka wa 1857 Baraza lile lile lililomtahini kwa ukali likampokea kuwa mwanachama wake wa heshima. Lakini heshima hazikumlinda katika safari yake ya mwisho. Mnamo Januari 1867 mpagazi mmoja alitoroka na sanduku la dawa, naye Livingstone akaona moyoni kana kwamba amehukumiwa kufa. Alitembea miaka mingine sita, mara nyingi bila dawa ya kutosha, akafika Ujiji na Nyangwe, miguu yake ikiwa na vidonda. Mwishoni mwa mwaka wa 1871 Stanley alimkuta Ujiji akampa dawa na chakula. Wakaenda pamoja hata Unyanyembe. Huko walimwaga, naye akageuka kusini tena. Mwanzoni mwa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, watumishi wake walimkuta alfajiri amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa.

Yafuatayo husimuliwa mara chache, nayo yatupasa sisi wa Afrika ya Mashariki kuyajua. Chuma na Susi na wenzao walishauriana, wakaazimu kuuchukua mwili hata pwani. Ilibidi mwili upasuliwe na kukaushwa. Kazi hiyo ilifanywa na Farijala, ambaye zamani alikuwa mtumishi wa daktari mmoja huko Unguja, Dk. Christie, na kwa kumtazama bwana wake alijua kidogo desturi za wapasuaji. Farijala hakuondoa tu matumbo, aliangalia. Aliona ya kuwa mapafu yalikuwa kama yamekauka, yenye mabaka meusi na meupe, na ya kuwa upande wa kushoto palikuwa na bonge la damu iliyoganda, lenye ukubwa wa kiganja cha mtu. Aliwaeleza wenzake, nao wakayashika maneno hayo kwa kumbukumbu hata yakaandikwa. Moyo ulizikwa pale chini ya mti, na Jacob Wainwright, aliyekuwa mtumwa kisha akawekwa huru na kusomeshwa katika shule ya misioni huko Bara Hindi, akasoma ibada ya maziko.

Kisha wakatembea miezi mingi, wengine wakafa njiani, wakafika Bagamoyo mnamo Februari 1874 wakiwa na mwili, na vitabu vyote vya kumbukumbu, na vipimo vyake. Huko London mpasuaji William Fergusson aliuchunguza mkono wa kushoto, akaliona pale bega lilipo lile vunjiko la mfupa alilojeruhiwa na simba mwaka wa 1844. Hivyo akathibitisha ya kuwa ndiye. Akazikwa Westminster tarehe 18 Aprili 1874.

Ndugu zangu, Farijala hakuwa na hati yo yote. Walakini waandishi wa maisha ya Livingstone, watakapo kujua ni ugonjwa gani uliomwua, hurudi kwa maneno ya mtumishi huyu, kwa sababu alitazama kwa uaminifu akasema alichokiona, si zaidi wala pungufu. Haya si maneno ya kudharau hati. Livingstone mwenyewe aliitafuta yake kwa jasho la kiwanda, na bila hiyo asingalitumwa. Lakini hati ni mlango tu. Anayeingia humo na aulize: Je, naandika nilichokiona, hata kama wakubwa hawakipendi? Je, nakiri pale dawa yangu iliposhindwa? Na maarifa yangu, je, yatawafikia wagonjwa wa Dongobesh, au yatabaki katika sanduku ndani ya gari, na watu wakifa hatua chache tu kutoka hapo?

Wainjilisti na wazee wa sharika, mwonapo kijana anayeandika maombi yake usiku kwa taa, msimkatishe tamaa kwa kuwa umri unakwenda au kwa kuwa fedha hazijapatikana. Mwombeeni, na mwenye cho chote amsaidie. Naye atakapopata nafasi, mkumbusheni awaandikie na watu wa nyumbani, kwa maneno wanayoyafahamu, yale ambayo Mungu amemjalia kuyaona.